Punje Mbili za Tunda Moja

Kikapu cha kahawa kilinipita kikaenda kwa jirani. Sikuamini macho yangu, na siku hizo macho yangu hayakuwa ya kuaminiwa sana, kwa hiyo nikangoja kirudi. Hakikurudi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama mkwe wangu, kule Nyanga, Jumapili baada ya ibada. Kwetu Buhaya hata mgeni usiyempenda unampa kwanza kahawa ya kutafuna, mengine yatafuata. Punje zinachemshwa na majani ya kutia harufu, zinakaushwa, zinawekwa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa, na kikapu kinazunguka chumba kizima, kila mtu anachota kwa vidole vyake. Siku ile kilizunguka kwa wote, nikaachwa mimi. Halafu nikaletewa chai kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, na wenzangu wote walikuwa na vile vya maua vya kabatini.

Binti yangu, wa miaka minne, alikuwa uani. Aliposikia sauti yangu alikuja mbio, mikono juu, tayari kunirukia mapajani. Bibi yake akamwita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyeusogelea moto. Mtoto akasimama katikati ya sebule, akaniangalia, akamwangalia bibi, akaenda kwa bibi.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Mume wangu husema ulimi wangu unaamka kabla yangu. Lakini siku ile nilikunywa chai yote kwenye kile kikombe cha bluu, kimya, kwa sababu nilitaka kwanza nielewe nimefanya nini. Na ili na ninyi mnielewe, lazima nianzie kwenye vikombe.

Nilikulia Muleba, katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa na kikombe chake. Baba yake baba alikufa kwa kifua kikuu, na tangu hapo mama, Mlutheri wa kupiga pasi hata kitambaa cha kufunikia redio, aliamua kwamba mate ya mtu yasiingie tena kinywani mwa mwingine. Alifunga uzi kwenye mkono wa kila kikombe. Wangu ulikuwa wa njano. Ukinywea cha mwenzako, unachapwa. Ukiuma muwa wa mtoto wa jirani, unachapwa na muwa unatupwa. Watoto wa kijijini walitucheka, wakatuita wale wa vikombe. Nilikua nikiwaonea wivu watoto wanaolamba kijiko kimoja.

Nilipokwenda sekondari ya bweni, huko huko Muleba, msichana wa kitanda cha chini alinichukua kama ndugu. Yeye alikuwa yatima, amelelewa na bibi yake, na kwao kila kitu kilikuwa cha wote. Alinishangaa nilivyokuwa nalinda kikombe changu. Alinitania mpaka nikacheka mwenyewe. Muhula mmoja alirudi kutoka likizo shingo imevimba, koo linamuuma, homa inakuja na kuondoka. Matroni akamsukutulisha maji ya chumvi. Alipoanza kupata nafuu ndipo akaniletea wazo la kula omukago.

Omukago ni kiapo cha zamani cha Wahaya, cha kuwafanya watu wasiozaliwa tumbo moja wawe ndugu. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani. Wazee walikuwa wanajichanja kidogo karibu na kitovu, kila mmoja anapaka punje yake damu, wanabadilishana, wanameza. Tangu hapo mwenzako ni munywani wako, nyumba yake ni yako, siri yake ni yako. Na bibi yake rafiki yangu alikuwa amemwambia sharti lake: atakayemsaliti mwenzake, ile punje itamvimbia tumboni mpaka imuue.

Sasa kumbukeni sisi tulikuwa watoto wa Kagera. Kila nyumba niliyoijua ilikuwa na makaburi mapya migombani. Tulifundishwa kuogopa wembe kabla ya kufundishwa kujumlisha. Tuliimba darasani kwamba damu inaua, lakini kula pamoja hakuambukizi, kunywea kikombe kimoja hakuambukizi, kukumbatiana hakuambukizi. Na kwa ugonjwa ule, ilikuwa kweli tupu. Basi sisi, wajanja wawili wa kidato cha pili, tukasema kiapo tutakula, ila bila wembe. Badala ya damu tutatumia mate. Tulijiona tuna akili kuliko wazee wote wa Buhaya.

Tulikaa nyuma ya jiko la shule. Akachuma tunda jekundu, akalibinya, punje mbili zikateleza kiganjani. Kila mmoja akaweka yake mdomoni, akaizungusha, kisha tukapeana. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutia kinywani kitu kilichotoka kinywani mwa mtu. Nilimeza, nikafurahi mno. Niliona nimetoka kwenye nyumba ya vikombe, nimeingia duniani.

Haukupita muda mrefu nikaugua. Koo, homa, tezi za shingo kama njugu mawe, na uchovu wa kushindwa hata kufunga kamba za viatu. Walinipa dawa za malaria kwa sababu hiyo ndiyo dawa waliyokuwa nayo. Rafiki yangu alinifulia, aliniletea uji, alinikalia kitandani. Simnyimi haki yake, alinitunza vizuri. Nilipona, na ugonjwa ule nikausahau kabisa.

Miaka ikaenda. Yeye akawa muuguzi, akapata kazi katika zahanati moja hapa Bukoba mjini. Mimi nikawa fundi cherehani, nikafungua kibanda cha kushonea Miembeni, nikaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, tukapanga Kashai. Tuliitana munywani mbele za watu, na watu wakazoea. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenishika mkono. Mama mkwe akaja kunilea, na mtoto alipoanza kula, akawa anatafuna kitoke, ndizi yetu ya kuchemsha, anakilainisha mdomoni mwake, anamlisha mjukuu. Mimi, mtoto wa vikombe, nilitamani kupiga yowe. Mama mkwe akanicheka. Akasema mume wako alikula hivi hivi, na mbona umempenda. 

Ugonjwa ulianzia jichoni. Nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, nikaona jicho la kushoto linauma nikiligeuza, na kitambaa chekundu kilionekana kimepauka kwa jicho hilo, kwa jicho la pili chekundu kama kawaida. Hali hiyo ikapita. Kisha miguu ikafa ganzi hadi kiunoni. Kila nikiinamisha shingo kwenye cherehani, kitu kama shoti ya umeme kilishuka mgongoni hadi kwenye nyayo. Nikisimama jikoni kwenye joto, magoti yanalegea. Nikipumzika, kinapungua, kinaondoka, kinarudi kwa njia nyingine. Nilipimwa UKIMWI tena na tena, na kila mara majibu yalikuwa mazuri, na kila mara nilimwona jirani fulani akitikisa kichwa kwamba naficha. Wengine wakasema nimerogwa. Kanisani wakaniombea. Mwisho daktari wa hapa Bukoba akasema twende tukapige picha ya kichwa Mwanza.

Huko Mwanza, daktari mmoja mwenye subira alinionyesha madoa kwenye picha, akasema ugonjwa wangu unaitwa kwa kifupi MS, na kwamba huku kwetu hauonekani sana ndiyo maana ulichelewa kujulikana. Alisema mishipa ya fahamu ina ganda lake, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki, na kwamba askari wa mwili wangu mwenyewe ndio wanaolila hilo ganda. Nikamuuliza kwa nini wanile mimi, nimewakosea nini. Akatabasamu. Akasema sayansi haijamaliza kujibu, lakini kuna kirusi kimoja cha mate ambacho karibu kila mtu mzima duniani anacho. Wengi wanakipata wakiwa wachanga, wala hawajui. Anayekipata akiwa kigoli au kijana ndiye mara nyingi anapata homa ya koo na tezi. Kikishaingia hakitoki. Kinajificha ndani ya baadhi ya hao hao askari. Na kwa watu wachache sana, baada ya miaka, kwa sababu nyingine nyingi zinazokutana, askari wanachanganyikiwa, wanaona ganda la mshipa wanadhani ni kile kirusi, wanashambulia.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza. Nimelishwa methali hii tangu shule ya msingi na sikujua kama inaweza kupigwa picha.

Nilimweleza habari ya koo langu la bwenini, na ya zile punje mbili. Tukacheka wote wawili. Akasema hakuna anayeweza kujua nilikipata kwa nani, ningekipata popote, na hao wote walionizunguka wanacho na wako wazima. Kisha akawa makini. Akasema, “MS haiambukizi. Nenda ukamlee mtoto wako.”

Sentensi hiyo niliibeba kutoka Mwanza kama yai.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa munywani wangu. Nilikwenda kwake nikiwa na fimbo ya kutembelea, nikamweleza yote, pamoja na homa ya koo na kile kiapo chetu, nikicheka, kwa sababu niliona inachekesha kwamba tuliuogopa wembe tukakimbilia mate. Yeye hakucheka. Aliniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema sijamwambia mtu, hata mume wangu nimemwambia jina la ugonjwa tu. Akasema vizuri, tusiongeze maneno.

Wiki hiyo hiyo mume wangu akashauri mtoto aende Nyanga kwa bibi yake ili mimi nipumzike. Nikakubali, nikashukuru hata. Nilipomuuliza atarudi lini, nikaambiwa ana mafua. Kisha amewazoea kuku. Kisha msimu wa senene umeanza, acha ale panzi hao na wenzake. Kila sababu ilikuwa nzuri, na mtoto hakurudi. Nikaamua kwenda mwenyewe, mume wangu akanisindikiza, ndiyo Jumapili ile ya kikombe cha bluu.

Majirani walipoaga, nikauliza. Sikuzunguka. Nikasema, mama, nimekosa nini kwenye nyumba hii mpaka kahawa inanipita? Mume wangu akatazama dari. Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua, na moyo ukanishuka kuliko miguu ilivyowahi kunishuka.

Mama mkwe hakuwa mkali. Aliweka mikono mapajani, akaniambia ameambiwa na mtaalamu kwamba nina kirusi cha mate kinachokula ubongo, kwamba mtoto akila nami au akilala nami atakipata, na kwamba mimi mwenyewe nisiambiwe nisije nikakata tamaa. Nikamuuliza mtaalamu gani. Akamtaja munywani wangu.

“Nimezika wanangu watatu,” akasema. “Walikuwepo watu waliojua wakanyamaza. Safari hii nimeambiwa mapema, mwanangu. Unataka nifanye nini?”

Jamani, ningemjibu nini mama huyo? Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuezua paa, na sikuwa na pa kuiweka. Nikaichukua simu nikampigia muuguzi wangu. Nikamwambia niko Nyanga, njoo sasa hivi. Alidhani nimeanguka, akaja kwa bodaboda mbio. Alipoingia na kuniona nimekaa kitini mzima, na kile kikombe cha bluu mezani, alielewa kabla sijafungua mdomo.

Mama mkwe akampa kahawa. Alichota, akatafuna. Nikamngoja ameze.

Nikamwomba amwambie mama, mbele yangu, kati yangu na yeye nani aliugua koo kwanza kule bwenini. Akasema hayo ni mambo ya shule, hakumbuki. Nikamuuliza kama anakumbuka nyuma ya jiko. Akasema tulikuwa tunakaa sehemu nyingi. Alisema hivyo akitazama nyasi zilizotandikwa sakafuni, kwa sauti ya upole, ile anayotumia kwa wagonjwa. Nilikaa naye kitanda juu kitanda chini miaka yote ile, na sikuwahi kumsikia akiniambia uongo kwa sauti ya kazini.

Nikaona huko hatutafika. Nikamgeukia mama mkwe, nikamwambia: kirusi hicho ni kweli ninacho. Na wewe unacho, na mume wangu anacho, na huyu muuguzi anacho. Mtoto naye, kwa namna ulivyomtafunia vitoke, yawezekana alishakipata zamani, mdogo, bila hata kupiga chafya, na ndivyo bora. Mwulize mtaalamu wako.

Mama mkwe alimgeukia. Hakuuliza kwa ajili yangu, nafikiri, aliuliza kwa ajili yake mwenyewe.

“Ni kweli? Hata mimi?”

Muuguzi akasema ndiyo, mama, watu wazima karibu wote. Na ugonjwa wake huu hauambukizi? Akasema hauambukizi. Na ulikuwa unalijua hilo siku ile ulipokuja hapa? Hapo hakujibu, na mama mkwe hakurudia swali. Aliinuka, akaenda uani, tukamsikia akikusanya nguo za mtoto kwenye kamba.

Munywani wangu alitoka nje, nami nikamfuata kwa fimbo yangu hadi kwenye mibuni ya mbele. Sikumfuata kumpiga, ingawa sitadanganya, wazo lilipita. Nilitaka tu sababu. Alikuwa analia.

“Ningefanyaje?” akasema. “Ulikuwa unasimulia unacheka. Ungemsimulia na mwingine. Unawajua watu wa hapa. Wangesema mimi ndiye niliyekulisha kitu. Mimi natibu watoto wao.”

“Ukaona bora wamchukue wa kwangu.”

Akapanda bodaboda ileile iliyokuwa ikimngoja, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika tawi la mbuni kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kulegea. Nilikuwa nimesalitiwa, neno ni hilo, silitafutii jingine. Mate yake sikuwahi kumlaumu. Tulikuwa watoto, na aliyenipa kirusi hakujua anacho, na pengine hata si yeye. Lakini yale aliyoyasema sebuleni kwa mama mkwe wangu aliyasema akiwa mtu mzima, mwenye cheti, anayejua kila alichokijua daktari wa Mwanza. Alichukua makaburi ya mama wa watu akayatumia kama mlango wa kujifichia.

Na mume wangu? Njiani kurudi alisema alitaka mambo yapoe kwanza. Nikamwambia mambo yamepoa, sasa nyamaza. Tunaishi. Ananibebea maji, ananiongoza nikiamka jicho limefunga ukungu. Siku nyingine nampenda, siku nyingine nauona ule uso wake ukitazama dari.

Nimesikia munywani wangu amepata nafuu ya maisha, kahamia zahanati nyingine, amenenepa hata. Mimi niliyetunza kiapo ndiye ninayetembea na fimbo. Mtu anaweza kukaa miaka akingoja punje ivimbe kwenye tumbo la mwenzake. Mimi nimekaa. Haivimbi.

Jioni ile ya Jumapili tulifika Kashai na mtoto. Alizunguka chumba chote akigusa vitu vyake, akalala juu ya cherehani ya nyumbani kama anaikumbatia, akaniambia kuku wa bibi wote majina yao. Nilifurahi hadi nikasahau miguu. Nikachemsha maziwa, nikanywa kidogo kuona kama yamepoa, nikampa kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante mama. Kisha akakigeuza mpaka akaona niliponywea mimi, akapafuta vizuri kwa pindo la gauni nililomshonea, akanywa.